Niwape supamaketi mali yangu kwa mkopo?

Swali la msomaji wa Nakuru: "Natengeneza siagi ya njugu nyumbani, chupa kama 600 kwa mwezi, nauzia maduka ya mtaa na shule mbili. Afisa wa ununuzi wa supamaketi moja kubwa ameonja, ameipenda, sasa anataka nimletee chupa 2,000 kila mwezi. Malipo ni baada ya siku 60. Mume wangu ananiambia nikumbuke Nakumatt na Tuskys. Lakini maduka hayo yalikuwa yanajaa watu! Yalianguka vipi? Na haya ya sasa yana tofauti gani?"

Dadangu, mumeo hajakosea, na wewe hujakosea kuitamani oda hiyo. Nianze na jibu, maelezo yafuate: ichukue kazi, ila usianze na chupa 2,000. Anza na kiasi ambacho, ukisikia redioni kesho kwamba mahakama imeiweka supamaketi hiyo chini ya msimamizi kwa kushindwa kulipa madeni, utalia siku mbili na ya tatu utarudi kukaanga njugu.

Sasa hilo la maduka kujaa watu. Wengi wetu hupima afya ya supamaketi kwa urefu wa foleni pale kwa keshia. Hata mimi nilipima hivyo, mpaka nilipoajiriwa karani wa madeni katika kiwanda kidogo cha sabuni, Eneo la Viwanda, Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kufuata pesa zetu kwa wenye maduka. Kila Alhamisi nilikuwa nikikaa kwenye benchi moja refu nje ya ofisi ya malipo ya mteja wetu mkubwa, mimi na wenzangu wa mkate, maziwa na karatasi za chooni. Chini yetu, ghorofa ya kwanza, wateja walikuwa wanasukumana na matoroli yamejaa. Juu, sisi tulikuwa tunaambiwa mwenye kutia sahihi hundi yuko safarini. Nilijifunza pale kwamba foleni ya chini na benchi la juu ni habari mbili tofauti, na ya kweli ni ile ya benchi.

Biashara yenyewe inakwenda hivi. Mteja wa supamaketi hulipa papo hapo, taslimu au kwa M-Pesa. Wewe uliyeleta mali unalipwa baada ya siku 60. Tuseme mali inakaa kwenye rafu wastani wa siku 15 kabla ya kuuzwa. Ina maana kwa siku 45 pesa yako iko mikononi mwa mwenye duka, bila riba na bila dhamana. Mtandao wa maduka unaouza kwa shilingi bilioni 1 kwa mwezi, ukitumia mpango huo, unatembea kila siku na kama bilioni moja na nusu ambazo si zake, ukitoa ile faida yake ndogo. Ni mkopo mtamu kuliko wa benki yoyote, na supamaketi kote duniani huishi hivyo. Hakuna wizi hapo.

Balaa huanza mwenye duka anapoiona pesa hiyo kwenye akaunti yake na kusahau ni ya nani. Anafungua tawi. Tawi jipya ni kitu cha ajabu: wasambazaji wanalijazia rafu kwa mkopo, pengine na katoni kadhaa za bure kama zawadi ya ufunguzi, mauzo yanaanza siku ya kwanza, na ankara za kulipwa zinakuja baada ya miezi miwili. Kwa hiyo kila tawi linapofunguliwa, akaunti inanona. Madeni ya matawi ya zamani yanalipwa kwa mauzo ya tawi jipya, na likianza kupungukiwa, linafunguliwa jingine. Kwa macho ya nje hiyo ni kampuni inayokua.

Siku mauzo yakishuka, hesabu inageuka. Chukua mfano uleule. Mauzo yakitoka bilioni 1 hadi milioni 800 kwa mwezi, ile pesa ya watu inayozunguka nayo inapungua kwa kama milioni 300. Hizo 300 zinatakiwa zilipwe sasa, nazo zilishageuka zamani kuwa vigae, majokofu, jenereta na kodi ya jengo. Duka linachelewesha malipo. Msambazaji mmoja anasimamisha lori. Rafu ya sukari inabaki nusu. Mteja aliyekuja kwa sukari akaikosa hanunui hata mkate, anahamishia manunuzi yake yote duka jingine. Mauzo yanashuka tena, na wasambazaji wengine wawili wanasimamisha malori. Likifika hapo, ni nadra sana kulirudisha.

Nakumatt ilikwenda njia hiyo hatua kwa hatua. Wewe wa Nakuru unajua jina lake limetoka wapi: Nakuru Mattresses. Na hili huwa linanifurahisha, mji wako ndio mama wa supamaketi za nchi hii. Tuskys kampuni yake iliitwa Tusker Mattresses. Naivas ilianzia Rongai, kaunti yako, na jina ikachukua la Naivasha. Quickmart nayo ilianzia Nakuru. Wauza magodoro na wenye maduka ya kujihudumia wa Bonde la Ufa ndio waliowafundisha Wakenya kusukuma toroli.

Nakumatt ikafika matawi zaidi ya 60, Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Mwaka 2014 ilichukua hata maduka ambayo Shoprite ya Afrika Kusini ilikuwa ikiyaacha Tanzania. Kila jengo jipya la biashara Nairobi lilimtaka tembo wa nembo ya Nakumatt awe mpangaji mkuu, kwa sababu benki iliyomkopesha mwenye jengo ilitulia ikisikia jina hilo. Ilipata misiba ya kweli pia: moto wa Januari 2009 katikati ya Nairobi ulioua watu zaidi ya 20, na shambulio la Westgate la Septemba 2013, ambako tawi lake lilikuwa moyo wa jengo. Lakini mimi siamini misiba ndiyo iliyoiangusha. Iliangushwa na kukua kwa pesa za watu wa benchi. Kufikia 2017 ungeingia tawi kubwa ukute rafu nzima imepangwa maji ya chupa ya aina moja, yamesogezwa mbele ili nafasi ya nyuma isionekane. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi. Madeni yalizidi shilingi bilioni 30. Matawi sita yaliyobaki yakauzwa kwa Naivas kwa shilingi milioni 422, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe.

Linganisha nambari hizo mbili, dadangu: bilioni 30 na milioni 422. Halafu ukumbuke kwamba kampuni ikifilisika, benki yenye dhamana hutangulia, mishahara na kodi zina nafasi yao, na msambazaji aliyeleta mali kwa mkopo bila dhamana yuko karibu na mkia wa foleni. Siagi yako huwezi kuirudia, imeshaliwa.

Watu husema tatizo la Nakumatt lilikuwa ni mali ya familia. Nakubali nusu. Tuskys hakika iliumizwa na ndugu kushtakiana mahakamani kwa miaka, na ilipofika 2020, Corona ikiwa imebana mauzo, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ililazimika kuingilia kati kuhusu deni la wasambazaji. Matawi yakafungwa moja baada ya jingine, mengine wenye majengo wakiweka kufuli zao. Lakini itazame supamaketi ya Uchumi. Hiyo haikuwa ya familia. Ilianzishwa 1975 kwa mkono wa serikali, ikaingia soko la hisa la Nairobi 1992, ilikuwa na bodi, wakaguzi na wenye hisa maelfu. Juni 2006 ikafunga milango yote. Ikafufuliwa, ikarudi soko la hisa 2011, na hapo wengi tuliisifu, mimi nikiwemo. Mwaka 2014 ikachangisha pesa kwa wenye hisa ili iongeze matawi. Mwaka uliofuata mkurugenzi wake mkuu akafukuzwa, na matawi ya Uganda na Tanzania yakafungwa. Mwaka 2020 wadai wake wakakubali kusamehe sehemu ya madeni ili kampuni isife kabisa. Familia, serikali, soko la hisa: wenyewe walikuwa tofauti, pesa waliyoichezea ilikuwa ileile.

Wageni nao wana hadithi yao, ila si ndefu. Choppies ya Botswana ilinunua maduka ya Ukwala, ikakaa miaka michache ikaondoka. Shoprite iliingia Kenya mwishoni mwa 2018, ikatangaza kuondoka 2020. Game, nayo ya Afrika Kusini, ikaondoka baadaye. Waliingia kwenye majengo ya kodi ghali wakati wenyeji wameshashika mitaa ambako watu wanashuka matatu jioni.

Sasa nije kwa hawa wa leo, maana ndiyo sehemu ya swali lako yenye uzito. Wakubwa ni watatu: Naivas, Quickmart na Carrefour. Tofauti yao na marehemu ni pesa ya mtaji. Naivas, badala ya kutegemea wasambazaji peke yao, iliuza hisa. Mwaka 2020 kundi la wawekezaji, likiwemo shirika la IFC la Benki ya Dunia na mfuko wa Amethis wa Ufaransa, lilinunua asilimia 30. Mwaka 2022 kundi linaloongozwa na IBL ya Mauritius likanunua asilimia 40, na baadaye likapanda likashika sehemu kubwa kuliko familia. Mwaka 2023 Naivas ikafikisha matawi 100. Quickmart ilinunuliwa na mfuko wa uwekezaji wa Adenia, ulioiunganisha na maduka ya Tumaini. Carrefour ya hapa ni jina la Kifaransa, lakini mwenye mali ni kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, iliyofungua duka la kwanza Karen mwaka 2016, kisha Nakumatt ilipoyumba ikapata nafasi nzuri ilizokuwa ikizitaka.

Mwekezaji wa namna hiyo hudai vitabu vilivyokaguliwa kila mwaka na haruhusu mwenye duka achote kwenye droo ya keshia. Hiyo ni kinga, nami naiheshimu. Lakini usiilalie. Kampuni hizi si za soko la hisa, kwa hiyo mimi na wewe hatuoni vitabu vyao. Na mifuko ya uwekezaji hainunui ili ikae milele, huingia ikijua mwaka wa kutoka.

Ndiyo maana naona hatari imebadilika sura. Zamani ungeogopa kutolipwa. Leo, kwa hawa watatu, uogope zaidi kulipwa kidogo kuliko ulivyopiga hesabu. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani iliitoza Majid Al Futtaim faini ya kama shilingi bilioni 1.1 kwa kosa la kutumia vibaya nguvu za mnunuzi. Waliolalamika walikuwa kampuni ya asali, Woodlands, na ya mafuta ya kupikia, Pwani Oil. Kampuni iliupinga uamuzi huo. Kabla yao, mwaka 2020, mtengenezaji wa maziwa ya mtindi aitwaye Orchards naye alishinda kesi kama hiyo mbele ya Mamlaka, na Baraza la rufaa la Ushindani likakubaliana naye 2021. Yaliyobishaniwa ni mambo utakayokutana nayo kwenye mkataba wako: punguzo la nyuma linalokatwa baada ya mauzo, ada ya kuingiza bidhaa dukani, bidhaa za bure tawi jipya likifunguliwa, na wafanyakazi wako wewe kuwekwa dukani kupanga rafu. Usishangae hilo la mwisho. Wale vijana unaowaona wakipanga maziwa na sabuni, wengi wao hawalipwi na supamaketi, wanalipwa na wenye maziwa na sabuni.

Tupige hesabu ya chupa zako. Hukuniambia bei, nami nakadiria: supamaketi inanunua chupa kwa shilingi 250, na kwako inagharimu 170, ukihesabu njugu, chupa, lebo, gesi na msichana anayekusaidia. Unaona faida ya 80. Punguzo la nyuma la asilimia 5 linakula 12.50. Usafiri hadi ghala lao, tuseme 10. Chupa zilizovunjika au zilizokaa hadi zikakaribia kuharibika wanakurudishia, weka 8. Imebaki chini ya 50. Hapo bado hujalipa ada ya kuingia wala kijana wa rafu.

Halafu pesa inayolala. Chupa 2,000 kwa 170 ni shilingi 340,000 kila mwezi kutoka mfukoni mwako. Siku 60 kwa maneno yao mara nyingi huhesabiwa tangu taarifa ya mwisho wa mwezi, si tangu siku uliyoshusha mali. Kwa hiyo mzigo wa tarehe 2 Machi unaweza kulipwa mwisho wa Mei. Kabla shilingi ya kwanza haijarudi utakuwa umeweka nje zaidi ya milioni moja. Unayo? Kama ni ya chama au ya mkopo wa simu, riba itamaliza hiyo 50 kabla hujaigusa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na hapa wenye nguo ya kuazima mtakuwa wawili, wewe na supamaketi.

Kwa hiyo mwambie yule afisa, kwa heshima lakini bila kujikunyata: nitaanza na chupa 400 kwa matawi mawili ya Nakuru, siku 30 tangu siku ya kupokelewa, punguzo lote liandikwe kwenye mkataba na lisizidi kiasi fulani. Atacheka. Atakuambia utaratibu ni 60. Mwambie basi kwa miezi mitatu ya kwanza, tuonane baada ya hapo. Kwa muuzaji mdogo mara nyingi wanakubali, kwa sababu watakachokulipa, kwao ni pesa ya karanga. Wakikataa siku 30, shikilia kiasi. Siku zao unaweza kuzivumilia, kiasi kikubwa huwezi.

Usiyaache maduka ya mtaa na shule zako. Wanakulipa leo, na ndio watakaolisha oda kubwa mpaka ianze kujilisha yenyewe. Na usizidharau supamaketi za ngazi ya pili: Khetia's upande wa magharibi, Mathai na Magunas za Mlima Kenya, Cleanshelf, Eastmatt. Huko unaweza kukutana na mwenye uamuzi uso kwa uso, ingawa vitabu vyao navyo hatuvioni, kwa hiyo kanuni ya kiasi ni ileile.

Jambo moja hukuliuliza nami siwezi kulipita. Una alama ya KEBS, lile shirika la viwango? Njugu zenye unyevu ni rafiki wa sumukuvu, ile sumu ya ukungu (aflatoksini). Mwaka 2019 KEBS ilipiga marufuku chapa kadhaa za siagi ya njugu, baadhi zikiwa za majina makubwa, na supamaketi zikatakiwa kuzitoa kwenye rafu. Mali ikiondolewa hivyo, hasara yote ni yako, na deni walilokuwa nalo kwako litaanza kubishaniwa. Pima njugu kabla ya kusaga, kila gunia, na uweke karatasi za maabara. Ikikupasa kuchagua kati ya kununua mashine kubwa ya kusaga na kununua mashine ya kupima unyevu, nunua ya unyevu.

Ukishaanza kupeleka, geuza macho yako yawe ya mdai. Kila wiki mbili pita kwenye lile tawi kama mnunuzi. Usitazame watu, tazama unga, sukari, mafuta na maziwa, bidhaa ambazo wenye viwanda vikubwa hawakopeshi mtu waliyeanza kumshuku. Chapa kubwa ikikosekana wiki mbili mfululizo na mahali pake pamepangwa kitu kingine upana wa rafu nzima, simamisha mzigo unaofuata hata kama wewe hujacheleweshewa hata siku moja. Sisi wa sabuni tuliona dalili hiyo, tukapeleka malori mengine matatu kwa sababu bosi aliogopa kupoteza nafasi yake kwenye rafu. Yale matatu hatukulipwa.

Na ongea na wale vijana wa kupanga rafu. Wanalipwa na viwanda kumi tofauti, wanakula chakula cha mchana pamoja nyuma ya stoo, na habari ya nani amesimamisha lori wanaipata kabla yangu mimi, kabla ya magazeti, na muda mrefu kabla ya mahakama. Mnunulie mmoja wao soda.

Mzigo wa kwanza ukiufikisha, usiondoke kwenye geti la stoo kabla karatasi yako ya kupokelea haijapigwa muhuri, ikaandikwa tarehe na idadi ya chupa. Ipige picha palepale. Siku utakapofika kwenye benchi, kitu cha kwanza utakachoulizwa ni hiyo.